Aliyelifungua Shamba la Bweri

Shamba lenyewe si kubwa. Liko Bweri, kandokando ya mji wa Musoma, upande ule wenye stendi ya mabasi, ambako nyumba za matofali zimekuwa zikiyasogelea mashamba mwaka hadi mwaka. Ua wake ni wa minyaa iliyokwisha kuzeeka. Katikati pana jiwe kubwa la itale lenye vishimo viwili vilivyochimbika kwa kusagiwa ulezi, na hakuna aliye hai anayekumbuka jiwe hilo lilipokuwa laini. Wapima ardhi walipoanza kusimika bikoni katika mashamba ya jirani, ndugu waliitana wakakaa chini ya mwembe, na swali ambalo kwa miaka mingi halikuwa na haja ya kuulizwa likaulizwa: nani alilifungua shamba hili?

Wanaume walikuwa na jibu. Alilifungua baba wa babu yao. Kwa hiyo shamba ni la uzao wa kiume wa mzee huyo, nao wakipenda kukata viwanja watakata. Mama mkubwa, mjane wa miaka 80 na ushei ambaye ndiye anayelilima, alisikiliza bila kusema neno. Kazi ya kutafuta ushahidi ikaangukia kwa binti wa mdogo wake, mwalimu mstaafu aliyesomesha Unguja, kwa sababu, walisema, yeye ameyazoea makaratasi. Majina yao hayatajwi hapa. Mashauri ya ndugu hayapendi kusomwa na wageni.

Mwalimu alianza na kasha la bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya kodi ya enzi ya Mwingereza, imekunjwa mara nne hata mikunjo imekuwa matundu. Ilikuwa na jina la mzee na hesabu ya nyumba zake: tatu. Ndugu zake waliithamini karatasi hiyo kama hati ya shamba. Yeye aliisoma mara mbili, akaona kuwa haitaji jembe wala tuta hata moja.

Utawala wa Kijerumani ulianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya vita vya 1914–1918 waliendelea nayo, wakaiongezea kodi ya kichwa. Mdaiwa alikuwa mwanamume. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, maana kila mke alikuwa na nyumba yake. Basi mke aliingia katika daftari la serikali kwa sura ya nyumba: hana jina, ana paa.

Alisafiri hadi Dar es Salaam. Katika Nyaraka za Taifa aliomba Kitabu cha Wilaya ya Musoma, na Chuo Kikuu akapekua mkusanyo wa Hans Cory, yule mtafiti wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni. Alikuta watemi, mipaka, asili za makabila na taratibu za mahari. Katika maandishi ya Kijerumani hata jina la nchi lilimpotea, kwa kuwa sehemu zile ziliitwa Uschaschi, na watu wa makabila mbalimbali wakatiwa katika kapu moja la Washashi. Matokeo ya sensa ya mwaka 1948 yalimpa idadi za watu, si majina. Mwana wa mtemi hutafutika: Kambarage, mwana wa Burito wa Butiama, anajulikana kuwa aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mkulima asiye na utemi hutafutwa kama sindano iliyoanguka mchangani.

Akarudi nyumbani, akapitia Bukiroba. Huko ndiko Wamenno wa Marekani walikojenga mwaka 1935, mwaka mmoja baada ya kufika Shirati. Wengi wao walitoka katika mashamba ya Lancaster, Pennsylvania. Siku hiyo alikuwapo mgeni mmoja, mjukuu wa wamisionari, aliyekuja kuiona nyumba aliyozaliwa mama yake. Alikuwa na kitabu cha ukoo wao, nacho kilimshangaza mwalimu. Mkulima wa kwanza wa ukoo ule kufika Marekani alionekana waziwazi katika orodha ya meli iliyotia nanga Philadelphia, kwa kuwa tangu mwaka 1727 wageni wa Kijerumani walioshuka huko walitakiwa kula kiapo na kutia saini. Baada ya hapo alionekana katika hati ya shamba lake, katika orodha ya kodi, na katika wosia. Miaka karibu 300, na mtu anaweza kumfuata mzee wake kwa kidole.

Mwalimu aliona wivu, na si wa kulaumiwa. Kisha akauliza, “Na mkewe?”

Mgeni alifungua kurasa, akacheka kidogo. Orodha za viapo zilichukua wanaume wa miaka 16 na zaidi. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, iliandika jina la mkuu wa kaya tu, na wengine wote wakawa tarakimu. Hadi mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake, na wengi waliokuwa watumwa wakangoja hadi 1870. Mke wa yule mkulima, aliyepanda na kuvuna pamoja naye, amesimama kitabuni kwa jina moja la ubatizo, bila baba, bila kwao.

Msomaji wa visiwani asicheke mapema. Nasaba zetu nazo, zile tunazozisoma kwa fahari, hupanda kwa bin na bin hadi Hadhramaut au Shirazi, na ni mara ngapi humo mama husimama kwenye daraja lake?

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi Mara na kuwasikiliza wazee kwa miaka mingi, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuwa wanaume wa huko hupenda kusimulia asili za makabila, na wanawake huhifadhi habari za nani amefungamana na nani, kwa ndoa, kwa urafiki, kwa msaada wa siku za njaa. Huenda ni hilo lililomrudisha mwalimu jikoni kwa mama mkubwa, baada ya miezi mitano ya kuzunguka.

“Mama mkubwa, nani alilifungua shamba?”

“Kumbe mnaniuliza mimi? Nilidhani mnaziuliza karatasi.”

Akasimulia huku akichambua dagaa. Aliyelifungua ni bibi yake, mzaa mama. Alikuwa msichana siku zile za baada ya sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe katika miaka ya 1890, na kwa kuwa zizi lilikuwa tupu, uhai ulikuwa kwenye jembe. Jembe lake lilitoka Uzinza kwa wahunzi; mbegu ya ulezi alipewa na mama yake. Alichoma kichaka, akapanda minyaa, na mume akaja kujenga alipomkuta. Mama mkubwa alimwona kwa macho yake akisaga juu ya jiwe lile. Wakwaya walihesabu ukoo kwa mama, na yeye akawahesabu: mama, mama wa mama, hadi majina sita, kwa mpigo wa mtu aghaniye utenzi aliouhifadhi utotoni. Mwalimu hakuwahi kuyasikia. Hakuwa amewahi kuuliza.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo mke ana jina tangu jalada. Bibi wa Bweri hakupata mwandishi.

Ndugu walipokutana tena, mwalimu aliwasomea. Alianza na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kisha akatoa stakabadhi, akawaonyesha zile nyumba tatu, akasema moja wapo ilikuwa ya nani. Pakawa na maneno. Binamu mmoja alisema hadithi ya jikoni si ushahidi. Mwingine, mkubwa wao, alilitazama lile jiwe muda mrefu, akasema mama yake naye alikuwa akimtaja bibi huyo. Uamuzi wa viwanja uliahirishwa. Walichokubaliana ni kuandika orodha ya ukoo, na bibi akae juu.

Kijana aliyeshika kalamu akauliza jina linaandikwaje. Linaanza kwa sauti ambayo Kikwaya huiandika bh, na karani wa zamani angeweka b, au w. Walimgeukia mama mkubwa. Akalitamka, akalitamka tena polepole, akasema yeye hajawahi kuliona.

Kijana akaliandika kwa namna mbili, moja chini ya nyingine, akaacha nafasi.