Kutoka Karuba hadi Disneyland Paris: usiku mmoja katika hoteli ya bei nafuu

Mama mmoja mzaliwa wa Karuba, teritware ya Masisi, anayeishi sasa mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa, alipeleka watoto wake wawili Disneyland Paris mwezi wa Agosti 2025. Walilala usiku mmoja katika hoteli ndogo. Kwa wiki mbili nzima alimficha mama yake mzazi, aliyeko Karuba, habari hiyo.

Aliificha kwa sababu ya feza. Chumba kilikuwa euro 78. Yeye hufanya usafi katika ofisi za watu tangu alfajiri, na kila mwezi hutuma nyumbani dolari 80. Chumba cha usiku mmoja kilikuwa karibu sawa na mwezi mzima wa mama yake.

Lakini ahadi ilikuwa ya zamani. Mwezi wa Februari 2023, vita vilipofika Mushaki na Karuba, Koko alikimbia na wajukuu kwa miguu, wakapita Sake hadi kambi ya Bulengo, karibu na Goma. Huko mkubwa alipata begi la msaada lenye picha ya Mickey. Akamuuliza mama yake kwa simu kama panya huyo ana nyumba. Mama akajibu kwamba anayo, tena iko Ufaransa, na siku moja wataiona. Mwaka uliofuata dosiye ya kuunganisha familia ikakubaliwa, watoto wakasafiri. Koko akabaki.

Disneyland Paris ilifunguliwa mwaka 1992, kilomita zipatazo 32 mashariki ya Paris. Hoteli zilizo mlangoni pake ni ghali. Mama huyo alitafuta upande wa Torcy, vituo vichache kabla ya mwisho wa treni ya RER A. Treni hiyo inaishia Marne-la-Vallée Chessy, na kutoka kituoni mtu anaingia kwa miguu. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda kikubwa, kingine cha juu, bafu nyembamba, na dirisha linalotazama parking. Chapati na mayai ya kuchemsha vilitoka Lille ndani ya begi.

Mchana ulikwenda vizuri. Mdogo, mwenye miaka 8, alizunguka juu ya farasi wa mbao mara tatu. Mama alikuwa amelipa hoteli hasa kwa ajili ya usiku, ili watoto waone fataki juu ya kasri bila kukimbilia treni ya kurudi Lille.

Fataki ya kwanza ilipolia, mkubwa alimshika mdogo mkono, akamvuta chini, karibu na ukuta. Wakalala kifudifudi. Watu waliokuwa karibu walikuwa wanapiga picha za mbinguni. Mama aliinama, akawafunika kwa koti lake, kisha akawatoa taratibu hadi kituoni. Hawakuona hata mwisho wa maonyesho waliyolipia.

Hotelini mkubwa alifunga mlango kwa ufunguo, akajaribu kuuvuta, akaufunga tena. Ndipo wakalala, wote watatu kwenye kitanda kikubwa, mpaka saa tatu ya asubuhi. Chini kulikuwa mkate, siagi, na fromaji ambayo mdogo alisema haifikii ile ya Masisi.

Kwa wazazi wengine kutoka kwetu wanaofikiria safari kama hiyo, mama huyo anashauri wachague hoteli iliyo karibu na kituo cha treni, waulize kama chakula cha asubuhi kimo ndani ya bei, na waagize mapema. Anaongeza jambo moja: watoto waliotoka vitani waambiwe mapema kuhusu fataki, au warudi hotelini kabla hazijaanza.

Koko alirudi Karuba mwanzoni mwa 2025, kambi za Goma zilipobomolewa. Mwishowe ni mdogo aliyemwambia yote kwa simu: farasi, fataki, hoteli. Mama alisubiri kusikia swali la bei. Koko hakuliuliza. Aliuliza kama mlango wa chumba ulikuwa unafungika vizuri. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi feza hiyo haikupotea.