Pesa ya Shule Nilinunua Giza

Wasee, leo siposti kuchekesha mtu. Tangu nionyeshe ile paneli yangu kwa video, kila wiki naulizwa swali moja: "Buda, hiyo sola ni ya ngapi na nianzie wapi?" Nimekuwa nikijibu na emoji tu, kwa sababu jibu la ukweli lina aibu ndani yake. Leo nalimwaga lote. Sola yangu ya kwanza niliinunua na pesa ya shule. Pesa ya mathe. Na haikufika miezi minne.

Turudi nyuma kidogo. Niliacha kampasi mwaka wa pili, 2023, karo ikiwa imenishinda. Nikahamia bedsita moja hapa Kawangware 56, ghorofa ya nne, ploti ambayo makanga wanakuamsha na "tao! tao!" kabla jogoo hajawika. Kazi yangu mnaijua ni hizi video. Ile hamjui ni kwamba kinacholipa nyumba ni kuhariri video za watu wengine, za harusi na za matangazo ya biashara ndogo.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, usiku, stima ikapotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa giza, hadi waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba msamaha hadharani. Mimi nilikuwa na video ya harusi ya kupeana Jumamosi asubuhi. Laptopu yangu ni nzee, betri yake inakaa dakika 40 ikijikaza. Ikazima kazi ikiwa nusu. Mteja hakutaka kusikia habari ya gridi ya taifa. Alitaka dipositi yake, nikarudisha. Tarehe 11 Novemba stima ikapotea tena. Tarehe 10 Desemba, tena. Na hizo ni zile za nchi nzima. Zile za huku mtaani, transfoma ikilipuka mnakaa siku mbili, haziandikwi na mtu.

Januari 2024 mathe akapiga simu kutoka Vihiga. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na alikuwa ameuza fahali. "Baba, rudi umalize," akaniambia. Dakika chache baadaye M-Pesa ikalia: 60,000. Nikamwambia, "Sawa mama, asante sana."

Sikurudi. Nilijiambia nitanunua sola kwanza, nifanye kazi bila kukatizwa, pesa irudi mara mbili, halafu karo nijilipie mwenyewe. Nilikuwa naiamini hiyo hesabu kabisa. Shida ni kwamba hakuna hesabu nyingine niliyopiga.

Nikaenda tao, duka moja ambalo sitalitaja. Jamaa akanionyesha inveta imeandikwa wati 3,000. "Chali yangu, hii inabeba hadi friji." Mimi sina friji. Lakini 3,000 ilisikika kubwa, na mimi nilitaka kubwa. Akanipakia na betri ya gari ya ampia 70, "ya nguvu," na paneli ya wati 60. Jumla 24,000. Nikabeba kwa matatu nikihisi nimeokoka. Betri nikaiweka chini ya kitanda.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa ploti. Wiki ya tatu chaja ya laptopu ikaanza kuunguruma kama nyuki na kupata moto. Mwezi wa pili taa ilikuwa inazima saa tatu usiku. Kufika mwezi wa nne, hata saa mbili haifiki. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa betri "imechoka" na gharanti ni ya inveta peke yake.

Mei 2024, ule wakati wa mafuriko, mathe akaja Nairobi kwa harusi ya binamu yangu. Alipofungua mlango wa keja hakuuliza habari ya shule. Alinusa.

"Mbona hapa kunanuka yai viza?"

Akainama, akainua shuka, akaona betri. Wale mliosoma kemia mnajua: betri ya asidi ikichajiwa vibaya inatoa gesi, na moja ya hizo gesi ni haidrojeni, inayoshika moto. Nilikuwa nalala juu yake. Nyumba ya chumba kimoja, dirisha moja.

Akaketi kwenye ndoo. "Hii ndiyo shule?"

Nilimwambia ukweli, na sitaki kuupamba. Alinyamaza muda mrefu hadi nikatamani anigombeze. Halafu akauliza kitu ambacho muuzaji hakuwahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza: "Hicho kisanduku mbona kinalia na hakuna kitu umewasha? Kinakula nini?"

Lazima muelewe, mathe ana sola kunishinda miaka. Kule ocha ana kile kisanduku kidogo cha taa tatu na redio, alicholipia pole pole kwa M-Pesa. Hiyo njia ya kulipa kidogo kila siku kampuni kama M-KOPA ziliileta Kenya tangu 2012, na nyumba nyingi za kijijini zilianzia hapo. Mtu aliyeishi na taa tatu anajua kila taa inakula kiasi gani. Anajua siku ya mawingu huwezi kusikiliza redio usiku kucha. Mimi wa kampasi, mtu wa teknolojia, sikujua.

Nikatafuta kile kikaratasi cha inveta nilichokuwa nimetupa kwa droo. Imeandikwa kwamba ikiwa imewashwa tu, bila kazi yoyote, inakula wati 15. Piga mara saa 24: wati-saa 360 kwa siku. Sasa angalia upande wa mapato. Paneli ya wati 60, Nairobi unapata kama saa tano za jua la maana, halafu toa kama asilimia 30 ya joto, vumbi na nyaya. Zinabaki wati-saa 210. Naingiza 210, inveta peke yake inakula 360, na hata simu sijachaji. Miezi minne nilikuwa nalisha kisanduku.

Na betri? Betri ya gari imetengenezwa kusukuma injini kwa sekunde chache, kisha ijazwe na gari likiwa linatembea. Ukiimaliza kila usiku unaiua. Haikuwa imechoka. Nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake.

Usiku huo mathe aliniambia vitu viwili. Cha kwanza: ile 30,000 iliyobaki (6,000 nilikuwa nimekula, nakiri) ninunue kitu cha sawasawa, kwa sababu shule ya mwaka huo tayari ilikuwa imepita. Cha pili: 60,000 yote ni deni. Shilingi 3,000 kila mwezi kuanzia Julai. "Si kwa ubaya," akasema. "Ile pesa haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya watu kumi na wawili wa chama."

So hapa ndipo jibu la swali lenu linaanzia. Usianze na duka. Anza na karatasi. Andika kila kitu utakachotumia stima ikipotea, wati zake, na saa ngapi. Yangu ilikuwa hivi: laptopu wati 60 kwa saa nne, 240. Taa moja ya wati 7 kwa saa tano, 35. Rauta wati 10 kwa saa sita, 60. Taa ya kurekodia wati 20 kwa saa mbili, 40. Simu mbili, 30. Jumla 405. Hapo sijaandika pasi wala birika, kwa sababu vitu vya kupasha moto vinamaliza betri kama mchezo. Chai napika na gesi.

Ukishajua namba yako, nunua betri kwanza, kichwani hata kama si mfukoni. Zile za risasi na asidi, hata za jeli, ukitaka zikae usizitumie kupita nusu. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 na ikavumilia mizunguko maelfu. Ni ghali siku ya kwanza. Mimi nilichukua ya lithiamu ya ampia 50, ambayo ni wati-saa 640. Asilimia 80 ni 512, toa kidogo inayopotelea kwa inveta, nabaki na kama 460. Namba yangu ni 405. Inatosha, na haina maringo.

Halafu inveta. Nilichukua ndogo ya wati 500, maana vitu vyangu vyote vikiwashwa pamoja havifiki hata 150. Hakikisha kwenye boksi wameandika "pure sine wave". Ile yangu ya kwanza ilikuwa inatoa umeme wa kukatakata, ndiyo maana chaja ilikuwa inalia. Paneli ikapanda kuwa ya wati 150. Na fyuzi kati ya betri na inveta, tafadhali. Tunaishi nyumba zimebanana, moto ukianza kwako hauishii kwako. Fundi naye muombe leseni ya EPRA. Kuna wenye leseni na kuna wenye mdomo.

Niliuza ile inveta kubwa 5,000, na nikamwambia mnunuzi ukweli wake wote. Nikaongeza 2,500 ya kazi moja, jumla ikawa 37,500 na fundi ndani. Betri ilichukua karibu nusu.

Sasa kuishi nayo. Hii hakuna mtu anakuambia dukani. Kwanza, paa si lako. Msimamizi wa ploti alitaka 300 kila mwezi ya "kupangisha jua". Nikalipa. Pili, juu ya ghorofa ndipo kamba za nguo ziko. Siku ya tatu paneli ikashuka hadi karibu sufuri na jua linawaka. Nikapanda, nikakuta blanketi mbili zimefunika kona. Seli za paneli zimeunganishwa kama mnyororo, kivuli kwenye kona kinaweza kuangusha paneli nzima. Nikaenda kwa jirani wa namba 12 nikiwa nimekasirika.

"Kijana," akanijibu, "jua ni lako peke yako?"

Sikuwa na jibu. Yeye ana watoto watatu na blanketi lazima zikauke. Tukaongea kama watu. Nikahamisha paneli hadi kando ya tanki, na mtoto wake wa Gredi ya 8 anakuja kusomea kwangu stima ikipotea. Majirani wengine wanachaji simu, lakini saa sita hadi saa tisa tu, wakati jua linamwagika. Simu kumi ni wati-saa 150, zaidi ya theluthi moja ya matumizi yangu. Usiku nikikubali wote, nalala giza mimi. Wengine waliniita mchoyo. Nilikubali hilo jina.

Julai na Agosti Nairobi huwa na mawingu hadi unasahau jua lina rangi gani. Mapato yanashuka. Hapo nafanya kile mathe hufanya: kazi nzito naifanya stima ya kawaida ikiwepo, na betri naiachia usiku.

Ijumaa tarehe 30 Agosti 2024, usiku, stima ikapotea tena karibu nchi nzima. Mwaka mmoja na siku tano tangu ile ya kwanza. Upande wa Lavington jenereta zikaanza kunguruma. Wai-fai yetu ilikufa, kwa sababu hata vifaa vya mtandao kule nje vilikosa stima, so nikanunua bando. Kijana wa namba 12 alikuwa anamalizia hesabu mezani. Saa saba usiku nikatuma video ya mteja. Betri ilikuwa imebaki asilimia 31.

Siwezi kuwaambia nimeokoa dunia. Stima ya Kenya nyingi tayari inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa kule karibu na Ziwa Turkana. Wala siwezi kuambia mtu aache shule anunue betri. Mimi nilidhani nanunua njia ya mkato, kumbe nilinunua giza la 24,000 na deni la 60,000. Kilichonitoa hapo ni kuandika kila kitu kwa karatasi, pamoja na vile vya kuaibisha.

Kufika Machi 2025 nilikuwa nimebakisha 33,000. Mwezi huo mathe alipiga jioni.

"Stima iko?"

"Imepotea mama, lakini kwangu iko."

"Sawa. Na shule?"

Nilimwambia nitampigia. Kwanza nimalize deni lake, halafu nitafute namba ya karo na niiandike kwa ile karatasi, chini ya laptopu na rauta.