Koo la Mwalimu wa Densi
Mwalimu wa densi katika kumbi za Eastlands, kama ule wa Kaloleni, aghalabu hushindana na muziki kwa koo lake. Afikapo Luthuli Avenue kununua vyombo, macho huvutwa na spika kubwa kubwa. Hapo ndipo hekima huhitajika. Nguvu nyingi huzidisha mwangwi wa kuta tupu, maneno yakamezwa. Heri spika mbili za wastani, ziinuliwe juu ya vichwa vya wanafunzi, zikae mbele ya mwalimu ili maikrofoni isipige mluzi. Nayo iwe ya kuvaliwa kichwani, istahimiliyo jasho, na masafa yake yasigongane na ya simu wala runinga. Koo likiharibika, hakuna duka la Luthuli liuzalo jingine.