Juma la Kwaya Mjini Tanga

Ukifika Tanga, msomaji mpendwa, utakutana na baiskeli nyingi na barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Ni mji wa waimbaji. Black Star Musical Club, iliyoingiza magitaa katika taarabu miaka ya 1960, ilikuwa ya hapa, na marehemu Shakila Saidi aliiimbia.

Tulikaa juma zima karibu na binti wa kwaya anayesomea muziki. Jumatatu hadi Jumatano alifanya mazoezi ya nota kila jioni. Ijumaa ilikuwa ya kurekodi, Jumapili ya kuimba ibadani. Alhamisi sauti ikamkauka, naye akawa ananong'ona. Tukamwambia kunong'ona nako huchosha koo: anyamaze, anywe maji mara kwa mara. Studio ilikwisha kulipiwa, na wenzake wakanung'unika. Mwalimu akampa mwingine ubeti wake. Binti alilia, kisha akabaki kufunua kurasa za nota. Jumapili aliimba sauti ya pili, taratibu, bila kujilazimisha.

Mama, mwanao anayeimba mpe pia siku ya kunyamaza. Sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu, mpeleke hospitali.