Simu Isikae Mapajani

Shoga zangu tunaopeleka oda kwa gari, hili letu. Mteja anakwambia "nyumba ya tatu baada ya msikiti", kisha anatuma lokesheni. Simu ukiiweka mapajani, buibui linateleza, mara iko chini karibu na breki. Kwa spidi ya 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukiinama sekunde 3 umeshapita mita 40 bila kuona mbele, na jioni ndiyo watoto wanatoka madrasa wanavuka mbio.

Kishikio cha dukani niliambiwa shilingi 25,000. Nikachukua mpira wa kufungia noti, ule mpana, nikaupitisha nyuma ya vibao viwili vya tundu la kiyoyozi, ncha zake zikatokeza mbele. Ncha moja inaikamata simu kulia, nyingine kushoto. Basi! Na ule ubaridi unaipoza. Ukiibandika kwenye kioo cha mbele, kwa jua letu hili, huchemka mpaka ikajizima. Mpira nao hukauka kwa joto, kwa hiyo nikiuona una ufa nabadilisha. Mume wangu alinicheka sana. Juzi nimeukuta kwenye gari lake, mwekundu, mpya.

Lokesheni naifungua gari likiwa limesimama, ndipo bismillahi, naondoka. Mteja akipiga njiani atangoja. Keki imo ndani ya boksi, haiendi popote.