Kila kichwa na wembe wake

Mzee mmoja wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, ana mashine nne za zamani za kunyolea ndevu, kazitunza kwenye mkebe wa biskuti. Aipendayo zaidi ni Gibbs ya Ufaransa, aliyoletewa kutoka Ngazija na baba yake mdogo aliyekuwa baharia.

Wafaransa walianza mapema. Miaka ya 1760 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, aliuwekea wembe kizuizi cha mbao usizame kwenye ngozi. Mwaka 1904 Mmarekani King Gillette akapata hataza ya mashine yenye wembe mwembamba wa kubadilisha.

Likizo iliyopita wajukuu watatu walihitaji kunyolewa. Mzee akapachika wembe mmoja kwenye Gibbs. Mke wa mwanawe akapiga magoti: "Baba, naomba kila mtoto apate wembe wake."

Mzee akanuna. Enzi zake wembe mmoja ulitosha nyumba nzima. Mkwewe akamweleza kwa upole: kizuizi hupunguza mkato, hakizuii tone la damu lisiloonekana, na humo ndimo hupita homa ya ini na VVU.

Kimya kidogo, kisha mzee akatoa hela ya dukani. Nyembe zikaletwa tatu. Kila baada ya mtoto mmoja mashine ilisafishwa kwa jiki, na wembe uliotumika ukatiwa kwenye kopo lenye kifuniko, si jalalani wanakochezea watoto.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nyumba hii hupewa mashine tupu.