Ng'ombe wa Waithaka

Huko Waithaka, magharibi ya Nairobi, mashamba ni madogo. Ng'ombe wa maziwa hulishwa bandani. Alfajiri mama hukama, vijana hukata nepia. Lakini msomaji asidhani banda ni ngome: kupe huingia pamoja na majani yaliyokatwa kando ya njia. Kupe wa masikio ndiye aletaye ndigana kali. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama hutweta, na ng'ombe wa gredi aweza kufa kabla ya majuma manne. Kinga ilitengenezwa Muguga, jirani kabisa, miaka ya 1970: ng'ombe huchomwa vijidudu hai vya maradhi hayo pamoja na dawa ya kuvizuia, siku ile ile. Hata hivyo kuogesha hakukomi, maana kupe ana maradhi mengine pia.